Walioajiriwa Saa Kumi na Moja

Je, mtu aliyeutumia ujana wake kwa mwajiri na kwa watoto wake, akaja kumtumikia Bwana akiwa na miaka zaidi ya sitini, ametoa sadaka au ametoa makombo? Swali hili sikulitunga mimi. Aliniuliza binti yetu mkubwa siku tulipowaeleza watoto kwamba mimi na baba yao tumekubali kwenda kutumika katika mtaa mmoja wa misioni mkoani Lindi. Hakuuliza kwa dharau. Alikuwa anatafuta hoja ya kutuzuia, na hiyo ndiyo iliyonigusa, kuliko ile ya joto, ya malaria na ya kisukari cha baba yake.

Nieleze kwa kifupi sisi ni nani. Mume wangu alifundisha shule za msingi mpaka alipotimiza miaka 60 ya kustaafu kwa lazima. Mimi nilikuwa muuguzi. Kwetu ni Machame. Kutoka huko hadi hapa tulipo ni karibu kilomita elfu moja: Moshi hadi Dar es Salaam, halafu kusini, kupita daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Wenyeji wanasema kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 safari ilitegemea kivuko, na masika yakikaza abiria walilala njiani. Kwa hiyo mimi na miguu yangu iliyovimba kwenye basi hatuna la kulalamika. Hapa mume wangu anamsaidia mwinjilisti, anafundisha darasa la kipaimara, na jioni anawafundisha watu wazima kusoma. Mimi nakaa na kina mama, nawapima watu presha baada ya ibada, natembelea wagonjwa. Hatuna mshahara. Tunakula pensheni zetu, na usharika umetupa nyumba ya vyumba viwili.

Sasa turudi kwenye makombo. Sisi tuliolelewa na sadaka ya mavuno tunajua maana ya malimbuko. Hakuna mama wa Machame anayebeba madhabahuni mkungu wa ndizi ulioangushwa na upepo akauita malimbuko. Nabii Malaki aliwakemea waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea mtawala wao zawadi ya namna hiyo. Nami magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na mume wangu hawezi kusoma somo la Jumapili bila miwani na taa ya pembeni. Ukihesabu vizuri, kilema na kipofu tumefika madhabahuni kwa miguu yetu wenyewe.

Watu wema hutufariji kwa mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Walioingia saa kumi na moja jioni walipewa dinari ileile ya walioingia alfajiri. Basi, wanatuambia, msihofu. Lakini mfano ule unasomwa haraka mno. Wale wa saa kumi na moja walipoulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, jibu lao lilikuwa kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu, wala hawakuwa shambani kwa mtu mwingine. Sisi tuliajiriwa. Tulikuwa na mwajiri, tukapokea mshahara kila mwezi, tukajenga, tukasomesha. Hatuwezi kujificha nyuma ya watu ambao siku nzima walitafuta kazi wakakosa.

Liko jibu lingine, na ndilo ninaloona lina nguvu zaidi. Swali la binti yangu linachukulia kwamba miaka ile ya kwanza haikuwa ya Mungu. Luther alifundisha kwamba kazi ya kawaida ifanywayo kwa imani, ya fundi viatu, ya mkulima, ya mama anayemlea mtoto, ni wito wa Mungu sawasawa na kazi ya kuhani. Zamu zangu za usiku wodini zilikuwa za nani? Mtoto niliyemtundikia dripu saa tisa usiku hakuwa mtoto wa Wizara. Kama ni hivyo, hatumletei Bwana mabaki. Tunaendelea na kazi yake ileile mahali pengine.

Ni jibu la kweli, ila lina hatari yake. Mtu anaweza kulitumia asitoke nyumbani maisha yake yote, akiita kila anachokifanya wito, hata kulinda kuku wake. Ndiyo maana nimeona niulize vingine: je, uzee wenyewe una kitu ambacho ujana hauna, ambacho Bwana anaweza kukihitaji?

Nadhani anakihitaji, na nimekiona huku. Mchungaji kijana akiletwa misioni, watoto wake wanahitaji shule, mke wake anahitaji kazi, na hata akiwa mwaminifu kiasi gani, watu wanamtazama wakijiuliza atahamishwa lini. Sisi hatusubiri uhamisho wala cheo. Halafu kuna suala la kuingia uani kwa watu. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Kijana wa kanisa akibisha hodi, swali linamtangulia: huyu anataka nini? Mimi nikipita ninaitwa tu, "Bibi, karibu ukae." Nakaa mkekani, namenya mbaazi nao, msimu wa korosho nabangua nao mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mwaka jana jirani mmoja alikuja usiku, binti yake mjamzito ana kichwa kinachouma na macho yanaona giza. Nilimpima presha nikaogopa nilichokiona, tukatafuta gari saa ileile kwenda hospitali. Hatukuzungumza dini usiku ule, wala asubuhi yake, mtoto alipozaliwa salama. Wako watakaosema basi hiyo si misioni. Mimi sikubaliani nao, lakini sitaki kubishana nao hapa, maana ninalo jambo lililo zito zaidi.

Kabla ya hapo niseme kwamba uzee unaokuja kufundisha tu haufai huku. Kwetu kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wamwera na Wamakonde, kwa desturi yao ya asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Mume wangu alipofundisha somo zuri, refu, juu ya baba kama kichwa cha nyumba, mzee mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Na mjomba mmemweka wapi?" Somo lililofuata lilikuwa fupi.

Jambo zito ni hili. Wapo wazee wawili katika Agano la Kale ambao nimewasoma mara nyingi tangu tufike. Kalebu, akiwa na miaka 85, alimwomba Yoshua ampe nchi ya milima yenye miji mikubwa na maadui warefu, akidai nguvu zake ni zilezile. Mume wangu anampenda Kalebu. Wa pili ni Barzilai, aliyekuwa na miaka 80. Daudi alipokuwa mkimbizi huko Mahanaimu, Barzilai alimlisha. Na mfalme alipokuwa anarudi alimwalika avuke Yordani akaishi naye Yerusalemu. Barzilai alikataa. Alisema haonji tena ladha ya chakula wala hasikii vizuri sauti za waimbaji. Aachwe afie katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi alimbusu na kumbariki, wala Maandiko hayamlaumu popote.

Basi aliyekwenda alibarikiwa, na aliyebaki alibarikiwa. Umri hauamui, wala imani yenyewe haituambii upesi nani aende. Ninachokiona ni kwamba Barzilai alifanya hesabu ambayo sisi tunaosifiwa makanisani kwa kwenda mbali huwa hatuulizwi kama tumeifanya: nani atalipa gharama ya kwenda kwangu?

Mama yangu mzazi yuko Machame, amepita miaka 90. Anaoshwa na kulishwa na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Tulipoondoka, mkuu wa jimbo alisoma barua ya kututuma mbele ya usharika. Jina la mume wangu lilikuwa mstari wa kwanza, langu mstari wa pili. La wifi halikuwamo. Lakini ukiuliza ni nani anayeamka saa kumi za usiku kumgeuza mama ili mgongo usichubuke, ni yeye. Mimi ni muuguzi; kazi hiyo naijua kuliko yeye, na ninaifanya kwa mama wa watu wengine, kilomita elfu moja kutoka kwa mama yangu.

Hapa ndipo neno la Bwana Yesu juu ya Korbani linaponikalia vibaya. Aliwakemea watu waliosema kwamba kile ambacho wangewasaidia nacho wazazi wao kimekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Yaani sadaka yaweza kuwa njia ya kukwepa. Binti yangu aliogopa kwamba tunampa Mungu kidogo mno. Mimi naogopa zaidi kumpa Mungu kilicho cha mama yangu na cha wifi yangu, halafu nipigiwe makofi kwa ukarimu.

Tumefanya nini, basi? Nilikwenda kumuuliza mama. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza nani atamkanda miguu. Nikasema nitakuja. Akasema, "Haya." Sijui mpaka leo kama ile haya ilikuwa ruhusa. Wifi naye tulikaa naye peke yake, bila wanaume, nikamwambia akisema hapana siendi. Alisema niende, ila nisimwachie mzigo wa Krismasi. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu napanda basi, nakaa nyumbani mwezi mzima, na Desemba yote ni yangu. Wifi anakwenda kwao kupumzika. Nusu ya pensheni yangu inabaki Machame kwa ajili ya msichana wa kusaidia. Mume wangu wiki hizo anapika ugali wake mwenyewe, mbaya sana kwa taarifa za majirani. Viongozi wa mtaa walishangaa mwanzoni, kwamba mtumishi gani huyu wa kwenda na kurudi. Niliwaambia nisipokwenda huko, hapa sina la kuwafundisha kina mama. Sidai kwamba hesabu imelingana. Kuna usiku simu ikilia moyo unaruka, na nikiona ni watu wa kampuni wanatangaza vifurushi ninawashukuru.

Sisi watu wa Mlimani tunamkumbuka Johannes Rebmann kwa theluji: mwaka 1848 aliiona Kilimanjaro, akaandika Ulaya juu ya theluji iliyo karibu na ikweta, na wataalamu wengine wakamkatalia. Sehemu iliyobaki ya maisha yake haisimuliwi sana kwetu. Alikaa Rabai, karibu na Mombasa, tangu 1846 hadi 1875. Emma, mkewe, alifariki mwaka 1866. Yeye alibaki, waumini wakiwa wachache wa kuhesabika, macho yakififia, akikusanya maneno ya lugha za watu. Alirudishwa Ujerumani akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata, na kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa ikachapwa mwaka 1877, yeye hayupo. Mara nyingi nawaza juu ya ile miaka tisa ya mjane yule. Kwa kipimo cha Malaki alikuwa yule mnyama kipofu. Ila yeye hakuwa amebakiza mwenye nguvu zizini akaleta huyu. Alileta aliyekuwa naye. Huenda hiyo ndiyo tofauti binti yangu aliyokuwa anaitafuta, na nimemwandikia hivyo. Amejibu kwamba anafikiri.

Limebaki la kaburi, na hili mimi na mume wangu hatujaelewana. Mchaga huzikwa kihambani. Watoto wamekwisha kusema kwamba lolote likitokea watakuja na gari la kutuchukua. Mimi nimeuliza bei ya gari hilo, na jeneza, na basi la waombolezaji. Ni fedha inayoweza kuezeka darasa la Jumapili la huku, ambalo sasa watoto wanakaa chini ya mkorosho. Namkumbusha mume wangu kwamba Ibrahimu, aliyetoka kwao akiwa na miaka 75, hakumrudisha Sara kwa wazee wake. Alinunua shamba huko Hebroni akamzika, naye mwenyewe akazikwa hapohapo. Mume wangu anajibu kwamba Ibrahimu aliahidiwa nchi ile, na sisi Lindi hatukuahidiwa hata ekari moja. Ni jibu zuri, nimeshindwa kulipangua. Kwa sasa tunalipa ada ya chama cha kuzikana cha hapa mtaani, elfu mbili kwa mwezi, na ile ya Machame tunaendelea kuilipa.