Amana ya Nywila Kuu

Mfumo wa kompyuta wa taasisi yoyote huwa na akaunti za namna mbili: akaunti za kawaida, ambazo humruhusu mtumishi kufanya kazi aliyopangiwa tu, na akaunti za mamlaka ya juu, ambazo humwezesha msimamizi wa mfumo kuongeza na kuondoa watumiaji, kurekebisha taarifa zilizokwisha kuingizwa, na pengine kufuta hata alama za marekebisho hayo. Kwa kuwa mwenye akaunti ya namna ya pili anaweza kutenda jambo na kulificha, udhibiti wake hauwezi kuachiwa mafundi peke yao, maana ndani yake mna swali la kale la maadili: je, kumwekea mipaka mtu aliyeaminiwa ni kuukana uaminifu wake?

Mkoani Singida swali hili linagusa riziki za watu. Lori la vitunguu au alizeti linapofika kwenye kizuizi cha mazao, mkusanyaji wa ushuru huhesabu magunia, huingiza idadi yake katika mashine ya POS, yaani kifaa cha mkononi cha kukusanyia mapato, kisha humkabidhi mlipaji stakabadhi ya karatasi laini ambayo maandishi yake hufifia upesi. Yakishafifia, ushahidi unaobaki ni mstari mmoja katika kanzidata. Kwa miaka kadhaa taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja halmashauri mbalimbali nchini ambako fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo hazikufikishwa benki. Basi anayeweza kuufuta mstari ule anaweza kulifuta deni pamoja na swali lake.

Wanyaturu, wenyeji wa Singida ambao mwanaanthropolojia Harold Schneider aliandika juu ya uchumi wao katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, wana desturi ya kukabidhiana ng'ombe, ambapo mlezi hunufaika kwa maziwa na samadi, ilhali uamuzi wa kumuuza au kumchinja mnyama hubaki kwa mwenyewe. Desturi hii inatenganisha mambo mawili ambayo kompyuta huyachanganya kwa urahisi, yaani kuwa na uwezo juu ya kitu na kuwa na haki juu yake. Dini nazo zimesisitiza tofauti hiyo: Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na Injili ya Luka, sura ya 16, inasimulia habari za wakili aliyetakiwa na bwana wake kutoa hesabu ya uwakili wake.

Yuko atakayepinga akisema kwamba wema wa mtu aliyezuiwa kutenda uovu si wema, kwa sababu fadhila huhitaji uhuru wa kuchagua. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwamba mali iliyomo katika mfumo ni ya wananchi, na mali ya watu si uwanja wa kujaribia fadhila za mtumishi. Zaidi ya hayo, watumishi watatu wanapotumia nywila moja, kisha fedha zikapotea, mwaminifu na mwizi huwa na jina lile lile mbele ya mkaguzi, na mwaminifu hukosa cha kujitetea nacho. Kwa hiyo udhibiti ndio unaomhifadhia ushahidi wa uaminifu wake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini, lakini adhabu huja baada ya hasara. Kinga hutangulia: kila msimamizi awe na akaunti yake mwenyewe, anayeomba badiliko asiwe ndiye anayeliidhinisha, kumbukumbu za matukio zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi hawezi kuzifikia, nywila ya dharura ikae katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, ifunguliwe mbele ya watu wawili, na mtumishi anapohamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekabidhiwa nywila kuu, iwe Singida mjini, Manyoni au Kiomboi, na adai daftari hilo mwenyewe kabla ya kudaiwa na mkaguzi, kwa maana amana isiyo na hesabu humdhulumu mwenye mali na aliyekabidhiwa pia.