Boriti ya Pombe na Kibanzi cha Bangi



Wazee wa usharika mmoja walituletea kijana aliyeonekana akivuta bangi. Wakasema, "Mchungaji, huyu na atengwe na Meza ya Bwana, maana anawaharibu wenzake." Neno lao lilikuwa na haki. Lakini jana yake palikuwa na arusi, nasi tulisikia harufu ya mbege vinywani mwa wawili wao. Kijana alitutazama, asiseme neno. Tuliona haya, kwa kuwa kata ilipopita arusini, sisi nasi tulinyamaza.

Basi, na tuyapime mambo haya mawili kwa mizani moja.

Bangi ni hatari, mtu asijidanganye. Hulegeza nia ya kijana, humwondoa katika masomo, na wengine imewatia wazimu. Tena serikali yetu imeikataza. Walakini mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza walipima madhara ya vilevi 20, kwa mtumiaji na kwa jirani zake. Katika alama 100, pombe ilipata 72, bangi 20. Na Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2019 watu kama 2,600,000 walikufa kwa ajili ya pombe. Sababu moja ni hii: bangi huvutwa na wachache mafichoni, bali pombe hunywewa na wengi mchana, kwa ruhusa ya sheria na kwa heshima ya desturi.

Lakini twayajua haya hata bila hesabu. Ada ya shule huishia kilabuni. Mama hupigwa usiku, watoto wakakimbilia migombani. Kihamba huuzwa kwa deni. Nani kwetu hajamzika mnywa gongo?

Mtu atasema, "Mbege ni ya mababu, kwayo tuliposa, kwayo tulipatana." Ni kweli, na ndizi na ulezi ni karama za Mungu. Hata mizabibu ya Nuhu ilikuwa karama, naye alilala uchi hemani mwake.

Bwana wetu aliponena habari za boriti na kibanzi, hakusema ya kuwa kibanzi si kitu. Alitaka tuanze na boriti. Hatusemi, basi, kijana aachwe katika bangi yake. Twasema, mlevi hawezi kumwonya, kwa kuwa kijana huyatazama maisha yetu kabla ya kuyasikia maneno yetu.

Siku ile mmoja wa wale wazee alisimama, akasema, "Niandikeni mimi kwanza." Akamshika kijana mkono. Wakaja wote wawili katika mafundisho ya toba.

Ndugu zetu, arusini yatosha togwa na chai. Nasi wachungaji wenu twaahidi: kata ikipita tena, hatutanyamaza. Mungu atupe roho ya kiasi. Amina.