Kamba Hukatikia Pabovu: Juu ya Gari Lililobadilishwa Injini

Swali la namna kitu kinavyobaki kile kile ilhali sehemu zake zimebadilika ni miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa, na kwa kawaida hujadiliwa kwa mfano wa merikebu ya Theseus, shujaa wa hekaya za Kigiriki, ambayo Plutarch, mwandishi Mgiriki wa karne ya 1 na ya 2, alisimulia kuwa Waathene waliihifadhi kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakishikilia kuwa ni merikebu ile ile na wale wakikana. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alilikaza fundo hilo zaidi kwa kuuliza kama mtu angeziokota mbao zote zilizotolewa na kuziunga tena kwa utaratibu wao wa awali, kati ya merikebu hizo mbili ya kweli ingekuwa ipi.

Old Korogwe, kata ya mji wa Korogwe mkoani Tanga, katika bonde la mto Pangani, haina haja ya kuazima merikebu ya Wagiriki ili kulifikia swali hilo. Jina lake lenyewe limebeba fundo la Hobbes, kwa kuwa biashara ilipokua upande wa Manundu, eneo jingine la mji huo, jina la Korogwe lilihama pamoja na shughuli, na mahali palipotangulia pakabaki na jina lile lile lililoongezewa sifa ya ukongwe. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda bondeni, na baadaye, katika njia za udongo zilizounganisha mashamba, misheni na ofisi za serikali hadi Handeni, gari lililoaminiwa likawa Land Rover, ambalo lilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Magari ya aina hiyo yangalipo Tanzania, lakini si yote yanayotembea kwa injini yaliyozaliwa nayo, kwa sababu mwenye gari anayekosa spea za injini ya zamani huona ni afadhali kufunga injini ya Toyota, ambayo spea zake hupatikana na mafundi wengi wanaijua. Hapo ndipo swali la Waathene linapoingia gereji.

Ili hoja ieleweke, ni lazima kazi yenyewe ielezwe. Injini ya petroli ya Land Rover iliyoanza kutumika mwaka 1958, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, huwashwa kwa platini, yaani ncha mbili ndogo za chuma zilizomo ndani ya distributa, ambazo hugusana na kuachana kwa mwanya usiozidi takriban milimita 0.4. Zinapogusana, mkondo wa betri hupita katika koili, ambayo ni nyuzi za shaba zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma. Zinapoachana, mkondo hukatika ghafla, na kukatika huko huzaa ndani ya koili msukumo wa maelfu ya volti, ambao distributa huupeleka kwenye plagi ya silinda iliyofikiwa na zamu, na cheche ikaruka. Injini ya Toyota iitwayo 22R, ambayo nayo ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, haitegemei platini, kwani mkondo wake hukatwa na kifaa cha kielektroniki kinachopokea ishara ya sumaku kutoka kwenye distributa, na kifaa hicho hakivumilii umeme dhaifu wala umeme uliounganishwa kinyume.

Fundi anayeiingiza injini hiyo katika gari la zamani hukabiliwa, basi, na matatizo ambayo hayamo ndani ya injini yoyote kati ya hizo mbili, bali yamo katikati yao. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 kwa kawaida zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, tofauti na magari ya leo ambayo hufungwa upande hasi, na asiyeligeuza jambo hilo kwanza hukiunguza kifaa kipya siku hiyo hiyo. Tena, waya mweupe, ambao katika mpangilio wa rangi wa magari ya Uingereza hutoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye koili, umekwisha kukaa miaka mingi karibu na joto la injini: ganda lake limekakamaa na kupasuka, na pale ulipoungwa, shaba imeota ukungu wa kijani. Ukinzani ni kizuizi ambacho waya huuwekea umeme unaopita. Ukifika omu 0.5 tu, na mkondo ukiwa ampea 4, volti 2 hupotea njiani, hata koili iliyostahili volti 12 ikapata 10, na stata inapozungushwa, wakati betri yenyewe imeshuka, kinachosalia huenda kisitoshe cheche. Dawa yake ni kuvuta waya mpya ulio mnene kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi na rilei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, ili waya mweupe wa zamani ubaki na kazi nyepesi ya kupeleka amri ya ufunguo na waya mpya ubebe mzigo.

Je, gari lililofungwa injini hiyo ni lile lile? Kwa wanaosema kuwa kitu ni mata yake, yaani vile vitu halisi vilivyokiunda, gari hilo si lile tena, ingawa kwa kipimo hicho hata mwanadamu, ambaye chakula humjenga upya kila siku, hawezi kuwa yule aliyezaliwa. Kwa wafuasi wa mwanafalsafa Aristotle, wanaosema kuwa umbo, yaani mpangilio unaokifanya kitu kiwe kile kilicho, ndilo linalotawala, gari ni lile lile maadamu linafanya kazi ya gari, lakini jibu hilo haliwezi kutofautisha Land Rover moja na nyingine iliyo pacha wake. Mwanafalsafa John Locke alikaribia zaidi alipoandika, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake juu ya akili ya mwanadamu, kwamba mti hubaki ule ule kwa sababu chembe zake zinazobadilika hushiriki uhai mmoja unaoendelea. Gari, hata hivyo, halina uhai wa kuziunganisha sehemu zake kutoka ndani. Uendelevu wake hutoka kwenye mikono ya watu.

Mfano unaofaa zaidi umo katika zao la Korogwe lenyewe. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na husimuliwa kuwa ni miche 62 tu iliyonusurika safari. Kutokana nayo zikapatikana katani, yaani nyuzi nyeupe za majani yake, ambazo urefu wake ni kama mita 1. Kamba ya katani yenye urefu wa mita 100 haina, kwa hiyo, uzi hata mmoja unaotoka mwanzo wake hadi mwisho wake, na bado ni kamba moja, kwa sababu kila uzi unaokoma umekwisha kusokotwa na nyuzi nyingine ambazo bado zinaendelea. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, alitumia mfano wa uzi uliosokotwa alipoeleza namna maana za neno moja zinavyoshikana bila kuwa na jambo moja linalozipitia zote. Mfano huo unaweza kupelekwa mbele zaidi, hadi kwenye vitu vyenyewe: gari hubaki lile lile si kwa sababu kuna sehemu isiyowahi kubadilika, bali kwa sababu kila sehemu iliyoingia ilishikanishwa vema na zile zilizokuwapo. Waswahili husema kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa gari lililobadilishwa injini ni nadra kuwa katikati ya kilicho kipya au katikati ya kilicho cha zamani. Ni pale viwili hivyo vinapokutana.

Huenda Mkristo akapinga kwa kukumbusha mfano wa Injili kuhusu kiraka kipya katika vazi kuukuu, na kuhusu divai mpya inayovipasua viriba vikuukuu, akaona kuwa mfano huo unakataza kuchanganya vizazi viwili vya vitu. Pingamizi hilo ni zito, na nusu yake ni kweli, kwani injini mpya iliyounganishwa kwa waya mkuukuu hulipasua gari kama divai inavyopasua kiriba, wakati mwingine kwa moto halisi. Lakini mfano wa viriba haukuisha kwa kuimwaga divai. Ulidai chombo kinachoweza kuibeba. Anayeuacha waya uliochakaa mahali pake kwa kuuheshimu ukongwe wake huwa ameuheshimu uchakavu badala ya urithi, maana waliouweka waya huo waliuweka ili gari liwake, na lengo hilo ndilo urithi wao.

Mapokeo ya Kiislamu yanalisogeza swali hatua nyingine. Wanatheolojia wa madhehebu ya Ashari, ambayo imani yake imefundishwa kwa karne nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki, walishikilia kuwa sifa za vitu hazidumu nyakati mbili mfululizo, bali Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati, na kwamba kudumu kwa ulimwengu ni uumbaji unaorudiwa bila kukoma. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hupokea cheche 100 kwa kila sekunde, na hakuna cheche inayoirithisha inayofuata chochote: kila moja ni mpya, na anayesikiliza husikia mngurumo mmoja. Hilo halitoshi kuthibitisha mafundisho ya Ashari, lakini lamfundisha msikilizaji unyenyekevu kwamba kudumu si mali ya kitu chenyewe, bali ni jambo ambalo kitu hupewa.

Kama kudumu hupewa, basi fungu la mwanadamu ndani yake ni amana, yaani kile alichokabidhiwa mtu akitunze kwa ajili ya mwingine. Kurani, katika sura ya Al-Ahzab, inaitaja amana ambayo mbingu, ardhi na milima viliogopa kuibeba, na mwanadamu akaibeba. Kadi ya gari huandika namba ya chasisi na namba ya injini, na mmiliki aliyebadilisha injini hupaswa kuhakikisha kadi hiyo inasema kweli. Ila hakuna kadi inayoandika jinsi waya ulivyoungwa. Fundi anaweza kuzisokota ncha mbili za shaba bila kuzisafisha, akazizungushia tepu nyeusi na kuzisukuma nyuma ya dashibodi, na gari likawaka asubuhi ile na malipo yakafanyika. Anaweza pia kuikwangua shaba hadi ing'ae, akaichomelea kwa risasi, akaifunika vema, na kuupitisha waya katika tundu lenye mpira ili bati lisiukate. Kwa jicho la mnunuzi tepu ni ile ile, na kwa siku ya kwanza cheche ni ile ile, hivyo tofauti kati ya kazi hizo mbili huijua fundi peke yake, pamoja na Yule asiyefichwa kitu.

Swali la Plutarch, basi, halijibiwi kwa kuhesabu mbao zilizobaki. Land Rover iliyofungwa injini ya Toyota ni gari lile lile kwa kadiri ile ambayo viungo vyake ni vya kweli, katika shaba na katika kadi, na huacha kuwa lile lile pale uongo unapoingia katikati ya cha zamani na kipya. Baada ya miaka, fundi mwingine ambaye hakumjua wa kwanza ataifungua tepu hiyo nyuma ya dashibodi ili atafute hitilafu, na kile atakachokikuta chini yake, shaba safi au ukungu wa kijani, ndicho kitakachomweleza kama gari lililoletwa mbele yake ni kamba moja au ni vipande viwili vilivyokaribiana tu.