Tung'oe Ndago Kabla ya Masika



Kwaresima hutujia karibu na wakati ambao huku kwetu Tanga watu hutengeneza mashamba kabla ya mvua za masika. Basi na tuangalie kazi ya mtu aanzaye bustani mpya ya mboga nyuma ya nyumba yake, kwa jembe la mkono.

Adui wake mkubwa ni ndago. Mtu mvivu huyakwatua majani yake asubuhi moja, akapiga matuta, akapanda mchicha na bamia. Juu bustani yapendeza. Lakini chini vimebaki vijiazi, vimeungana kwa mizizi kama shanga katika uzi. Tena jembe likikata uzi huo, vijiazi vilivyolala huamka. Mvua ikinyesha, ndago huutangulia mchicha.

Mwenye bidii hulima jua lingali kali. Huchimbua chini, huinama, huokota vijiazi kwa vidole, kimoja kimoja. Havitupi jaani, maana huko vitaota. Huvianika juani mpaka vikauke kabisa. Kisha hutia samadi iliyooza, wala si mbichi, isije ikaunguza miche. Siku nyingi hana cha kuwaonyesha majirani ila udongo mtupu.

Ndugu, kinyongo ni ndago. Twaweza kufunga, tukaacha nyama na pombe, na hayo ni mema. Lakini tumekwatua juu tu, ikiwa hatusalimiani na jirani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, au ikiwa ndugu wa tumbo moja hawasemezani tangu matanga ya baba yao, nao hupiga magoti pamoja mbele ya Meza ya Bwana. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana wetu afundisha kwamba kupatana na ndugu hutangulia sadaka.

Basi tusingoje mvua. Kila mmoja wetu na amkumbuke mtu mmoja, amwendee nyumbani kwake kabla ya Ijumaa Kuu, waseme jambo lenyewe waziwazi. Kinyongo kikitolewa mwangani hukauka, kikifukiwa huota. Naye akikataa, sisi tutakuwa tumelima upande wetu. Mvua tumwachie Mungu.

Bwana atujalie mikono yenye subira. Amina.