Maandiko Yanayopingana: Tumwamini Nani?

Soma kwa somo hili: Kumbukumbu la Torati 19:15-20, 2 Samweli 11 na 12, Luka 1:1-4, Matendo 17:10-12, 1 Wakorintho 15:3-8.

Mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Morrowind. Baadhi ya vijana wetu wanaufahamu, au wanafahamu ule wa mwaka 2011 uitwao Skyrim, ambao ni wa mfululizo huo huo. Mchezaji husafiri katika nchi ya kubuni, na kila aingiapo nyumbani mwa mtu au hekaluni hukuta vitabu anavyoweza kufungua na kusoma: mafundisho ya dini, historia, masimulizi ya wazee. Vitabu hivyo havipatani, na waliotunga mchezo walikusudia iwe hivyo.

Kisa kikubwa ni cha shujaa Nerevar, aliyekufa wakati wa vita ya Mlima Mwekundu. Hekalu linafundisha kwamba alikufa kwa majeraha, na kwamba wenzake watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, walifikia uungu kwa wema wao. Wahamaji wa nyika ya majivu husimulia vingine: watatu hao walimwua bwana wao, wakavunja kiapo walichomwapia, wakajitwalia nguvu isiyo yao. Makasisi waliothubutu kulihoji Hekalu wanasakwa, nao wanaishi mafichoni. Mchezaji humaliza safari bila kuambiwa kwa hakika nani alisema kweli.

Kijana aliyezoea kusoma namna hiyo anapokuja darasani Sabato asubuhi, si ajabu akauliza: “Mwalimu, tunajuaje kwamba Biblia nayo si kitabu cha Hekalu, kilichoandikwa na wakubwa ili kujilinda?” Swali hilo linastahili jibu.

Kwanza, tukubali lililo jema katika swali lake. Kuuliza nani aliandika, alijuaje, na alipata faida gani, ni jambo ambalo Maandiko yenyewe yanaliagiza. Soma Kumbukumbu la Torati 19:15-20. Shahidi mmoja hakutosha kumhukumu mtu, na waamuzi walitakiwa kuchunguza kwa bidii, kwa maana shahidi huweza kusema uongo. Watu wa Beroya walimpima hata mtume Paulo, na Luka anawasifu kwa hilo. Basi mwalimu anayemnyamazisha kijana kwa kumwambia kwamba maswali ni dalili ya kukosa imani, anafanya kama lile Hekalu la kwenye mchezo. Huenda anatetea kweli, lakini anaitetea kwa njia ambayo uongo hutetewa, na kijana ataondoka akiwa ameona njia hiyo tu.

Pili, tumwonyeshe mahali ambapo mchezo unaweza kumpoteza. Katika nchi ya kubuni, nyuma ya masimulizi hakuna tukio lolote. Nerevar hakuuawa wala hakufa kwa majeraha, kwa sababu hakuwahi kuishi. Watungaji waliamua kutoamua. Mchezo wa awali wa mfululizo huo, Daggerfall wa mwaka 1996, ulikuwa na miisho kadhaa isiyopatana, na baadaye watungaji wakasema kwamba yote ilitokea kwa pamoja. Katika hadithi jambo hilo linawezekana. Barabarani kwetu haliwezekani. Magari mawili yakigongana na kila dereva akaja na maelezo yake, askari wa usalama barabarani hasemi, “Basi hakuna ajali.” Hupima alama za matairi, huwauliza waliokuwa kandokando. Mashahidi wakipingana, hiyo ni sababu ya kuchunguza zaidi, wala si sababu ya kuacha.

Hapa pana jambo zito la kimaadili. Anayesema “kila mtu ana simulizi lake, yote ni sawa” hujiona mnyenyekevu. Lakini ikiwa kweli mtu ameuawa, msemo huo unamfaa nani? Haumfai marehemu wala mjane wake. Unamfaa muuaji peke yake. Yeye hahitaji uongo wake uaminiwe. Inamtosha kweli ionekane kuwa simulizi moja kati ya mengi.

Tatu, tulinganishe namna maandiko yanavyoshughulikia dhambi za wakubwa. Katika Morrowind, Vivec anatajwa kuwa mwandishi wa mahubiri 36 ya kujisifu. Katika lile la mwisho, herufi za kwanza za aya zake zikiunganishwa hutoa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “mauaji maovu”. Ungamo lipo, lakini limefichwa mahali ambapo msomaji wa kawaida hawezi kuliona.

Sasa soma 2 Samweli 11 na 12. Mfalme Daudi, aliyependwa kuliko wafalme wote wa Israeli, anaandikwa waziwazi kuwa mzinzi na muuaji. Aliyeuawa anatajwa kwa jina, Uria, tena Mhiti, mtu wa asili ya kigeni. Mathayo 1:6 inamtaja Uria tena katikati ya ukoo wa Kristo, mahali ambapo ingekuwa rahisi kunyamaza. Vivyo hivyo Injili zote nne zinasimulia jinsi Petro alivyomkana Bwana wake, ingawa Petro alikuwa kiongozi miongoni mwa mitume.

Je, hilo linathibitisha kila kitu? La. Mtu anaweza kukiri kosa lake na bado akakosea katika mengine. Lakini lile shtaka la kwamba Biblia iliandikwa ili kuwalinda wakubwa linakosa nguvu. Yaliyobaki, waandishi wenyewe wanatualika tuyapime. Luka anaeleza kwamba alichunguza mambo tangu mwanzo. Paulo anapowaandikia Wakorintho anataja mashahidi zaidi ya 500 wa ufufuo, wengi wao wakiwa bado hai. Anayetaja mashahidi walio hai hazuii watu kwenda kuwauliza.

Kwa hiyo mwalimu asiogope swali la kijana. Afungue Biblia pamoja naye, wasome, wapime.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya mashaka yanayotafuta jibu na mashaka yanayokwepa jibu?

2. Katika kanisa lenu, muumini anayeuliza swali gumu hupokewaje? Taja jambo moja ambalo darasa lenu linaweza kubadilisha.

3. Je, historia ya kanisa lenu inasimuliwa pamoja na makosa ya viongozi wake, au mema tu? Kizazi kijacho kitajifunza nini kutokana na namna mnavyoisimulia?