Baada ya Janga, Nani Anaweza Kukataa?

Korona ilipoingia Kenya mwezi Machi 2020, wengi walitabiri kwamba siasa na mila zetu hazitarudi tena zilivyokuwa. Walikuwa na sababu: kafyu ilitangazwa, shule zikafungwa, nyingi zisifunguke kikamilifu hadi Januari 2021, na waombolezaji wa maziko wakawekewa kikomo cha watu 15. Hata hivyo utabiri huo ulichukulia kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaoigeuza jamii, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ugonjwa huvunja mazoea kwa muda. Kinachobaki baada yake hutegemea kama mtu wa kawaida ametoka katika janga akiwa na uwezo wa kumwambia mwenye nguvu hapana.

Katika Kwanza, Kitale na Bungoma, siasa na mila hukutana zaidi kwenye matanga kuliko mahali pengine popote. Mheshimiwa hufika na msafara, huketishwa mbele, hutoa mchango, kisha hukabidhiwa kipaza sauti, na jeneza husubiri hotuba ziishe. Wabukusu wana desturi yao ya kale ya maneno msibani, kumuse, ambapo mzee mwenye karama hiyo hufariji waliofiwa, husimulia historia ya watu wake na kuonya walio hai, baada ya kuzikwa mtu aliyeheshimika. Heshima hiyo hainunuliwi, na hotuba ya kampeni si mrithi wake. Masharti ya 2020 yaliiondoa misafara kwa nguvu ya sheria. Wafu wakazikwa mapema, mbele ya jamaa wachache, na ikadhihirika kwamba mtu anaweza kupumzishwa kwa heshima bila mwanasiasa kusema lolote. Mbona basi misafara ilirudi masharti yalipolegezwa? Sidhani kwamba watu walisahau. Familia yenye bili ya hospitali, bili ya mochari, jeneza la kununua na wageni wa kulisha haiwezi kumnyima kipaza sauti yule anayelipa. Korona haikuigusa haja hiyo. Iliizidisha, kwa kuwa vibarua vilipotea. Michango ya M-Pesa, kwa upande wake, ilikuwepo kabla ya janga na ikapata nguvu zaidi, kwa sababu inamfaa kweli ndugu aliye mbali asiye na nauli.

Msomaji wa historia anaweza kunipinga kwa mfano wa Uingereza. Tauni ya karne ya 14 iliua watu wengi mno, vibarua wakaadimika, na ujira ukapanda hata baada ya sheria ya mwaka 1351 kujaribu kuuzuia. Je, si ugonjwa uliobadilisha siasa pale? Jibu liko hapa hapa kwetu. Homa kuu ya 1918 iliipiga Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuwamaliza wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Uingereza, na kwa hesabu ya Uingereza ujira ulipaswa kupanda. Kilichofuata ni kinyume chake. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba ya Trans Nzoia kwa wanajeshi Wazungu waliorudi kutoka vitani, na waraka wa Gavana Northey ukawataka machifu wawasukume watu wao kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Kipande, yaani cheti cha usajili wa wafanyakazi Waafrika, kikaning'inizwa shingoni mwa wanaume, ili anayetoroka kwa mwajiri afuatiliwe na kushtakiwa. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kukata ujira kwa theluthi moja. Upungufu wa watu ulikuwepo katika nchi zote mbili. Mkulima wa Uingereza aliweza kumwacha bwana mmoja akamfuata mwingine aliyelipa zaidi. Kibarua wa Kitale aliyefanya hivyo alipelekwa mahakamani.

Wengine watanionyesha tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Watasema hiki ni kizazi kilichofungiwa nyumbani na korona, kikajifunza siasa kwenye simu. Huenda kuna ukweli humo, ingawa kodi na gharama ya maisha zilitosha kuwatoa watu barabarani. Ninaloliona kuwa zito ni kwamba vijana wale hawakubebwa kwa mabasi ya mwanasiasa yeyote wala kupewa fulana zake. Hawakuwa na deni kwa mtu, ndiyo maana waliweza kukataa.

Kuna anayehofia kwamba kumnyima kiongozi kipaza sauti ni kumvunjia mgeni heshima. Lakini mwombolezaji hupokewa, hupewa kiti na chakula, naye hushika udongo kama wengine. Hakuna mila inayomdai mfiwa ayageuze mazishi kuwa mkutano wa kura. Kwa hiyo naviomba vikundi vya maziko vya Kwanza, Kitale na Bungoma viandike katika kanuni zao kwamba mchango wa mwanasiasa utaingia daftarini kama wa mtu mwingine yeyote, bila hotuba. Naziomba pia serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zitenge fedha za kufuta bili za marehemu wasiojiweza katika hospitali zao, mwili usizuiliwe mochari hadi atokee mheshimiwa wa kulipa. Kazi hiyo ianze sasa, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.