Shauri la Kayafa

Tulipokuwa tukifundisha historia katika chuo cha ualimu, hapakuwa na somo lililowaamsha wanachuo mchana wa joto kama habari za siri za vita. Ukitaja bei ya pamba, wanasinzia. Ukitaja jasusi, au barua ya adui iliyosomwa kabla haijafika kwa mwenyewe, mara kila mmoja ameketi wima. Hata sisi wazee tu vivyo hivyo. Lakini kwa miaka mingi tumeona kwamba katika hadithi hizo sote hujiweka karibu na yule mwenye ramani mezani, anayejua yote na kuamua nani apone. Hakuna anayejiweka majini.

Basi leo twapenda kuwaletea habari za manowari moja ya Waingereza, jina lake Petard, ili tupate kuliuliza tena swali ambalo Kayafa alilijibu upesi mno: je, yafaa wachache wafe ili wengi wapone?

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediteranea, kaskazini ya Port Said, Petard na manowari wenzake waliiwinda nyambizi ya Kijerumani, U-559, kwa saa nyingi, mpaka ikalazimika kuibuka. Wajerumani wakaifungulia maji ili izame, wakaiacha. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wakavua nguo, wakaogelea gizani na kuingia ndani ya chombo kile kilichokuwa kikizama. Akawafuata kijana wa kantini, Tommy Brown, mwenye miaka 16, ambaye alikuwa ameudanganya umri wake ili apate kazi ya baharini. Wale wawili wakawa wanatafuta vitabu kule chini, naye Brown anavipokea na kuvipandisha juu. Ghafla nyambizi ikaenda chini. Brown aliokolewa. Fasson na Grazier hawakutoka.

Vitabu vile vilikuwa vya maandishi ya siri, yaliyotumika kupeleka habari za hali ya hewa. Kule Bletchley Park, Uingereza, wataalamu walikuwa wamekaa miezi kumi bila kuweza kusoma ujumbe wa nyambizi za Atlantiki, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameongeza gurudumu la nne katika mashine yao ya Enigma. Kwa msaada wa vitabu hivyo, tarehe 13 Desemba 1942 walianza tena kusoma, na meli nyingi zikaweza kupitishwa mbali na mahali nyambizi zilipovizia. Fasson na Grazier walipewa nishani ya George Cross baada ya kufa. Lakini kazi waliyoifia haikuelezwa. Siri ya Enigma Waingereza hawakuiachia itangazwe mpaka 1974, miaka 29 baada ya vita kwisha.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka ule ule wa 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, wasomaji wa siri wa Kiingereza walihamishiwa Kilindini, wakaichukua shule ya Allidina Visram pale Mombasa, na humo wakafumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Kijapani. (Walimu wenzetu watatabasamu. Sidhani kama ubao wa shule umepata kuona hesabu ngumu kuliko zile.) Walirudi Colombo mwaka 1943.

Na katika bandari hiyo hiyo ya Kilindini, mwezi Februari 1944, zilipakia meli tano za kubeba askari kwenda Seiloni. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, miongoni mwao kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Wazee wetu walikuwa wakienda vita vya Bama. Miongoni mwa manowari zilizowalinda njiani ilikuwamo Petard.

Jumamosi mchana, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topedo mbili. Meli ilizama katika muda usiofika dakika tatu. Waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa na nafasi hata ya kupanda ngazi. Waliosalia walielea juu ya maji, wameshika mbao na maboya, na nyambizi ikajificha chini yao. Meli nyingine nne zikaondoka mbio, kama ilivyokuwa amri. Manowari mbili, Petard na Paladin, zikabaki, na Paladin ikateremsha mashua kuokota watu. Hata hivyo nyambizi ilikuwa pale chini, na silaha ya kuitoa ilikuwa moja tu: mabomu yanayolipukia ndani ya maji. Yakatupwa mahali pale pale walipokuwa wakielea watu. Hatimaye nyambizi ikaibuka, na baada ya mapigano ya zaidi ya saa mbili, topedo ya saba ya Petard ikaimaliza. Waliopona kutoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni watu 1,297.

Basi manowari ni moja, na siku ni mbili. Siku ya kwanza watu wake waliutoa uhai wao wenyewe. Siku ya pili iliutoa uhai wa wengine.

Tusimhukumu nahodha kwa haraka. Meli zile nne zilikuwa na maelfu ya watu, na nyambizi iliyoachwa hai ingeweza kuzifuata. Tena manowari inayosimama ili kuokota watu ni shabaha ya bure. Mwanachuo mmoja alipata kutuuliza darasani, “Mwalimu, wewe ungefanyaje?” Tulimjibu kwamba huenda tungetupa mabomu, na jioni ile tusingeweza kula chakula. Darasa lilicheka, ila yeye hakucheka.

Sasa tumrudie Kayafa. Tumezoea kumwona kama mtu mwovu tu, lakini Yohana, katika sura ya 11, aonyesha baraza lenye hofu ya kweli. Waliogopa Warumi wasije wakaliangamiza taifa, na hofu hiyo haikuwa ndoto, kwa maana mwaka 70 Yerusalemu iliteketezwa. Hesabu ya Kayafa ndiyo hesabu ya kila mtawala, toka Farao hata leo. Kosa lake, kwa maoni yetu, limo katika neno moja, yaani “yafaa”. Nahodha aweza kusema, “Nililazimika.” Anayesema hivyo bado anajua kwamba kuna deni. Anayesema “yafaa” amekwisha kulifuta deni kabla hajakopa, na aliyekufa amegeuka kuwa faida katika daftari. Tena Kayafa alimhesabu mtu mwingine. Fasson na Grazier walijihesabu wenyewe, na ndiyo maana hakuna awezaye kusoma habari zao akaona aibu.

Na siri nayo je? Vitani siri ni lazima. Hakuna amwambiaye adui njia ya meli zake. Lakini iko siri inayowalinda walio hai, na iko siri inayowalinda waliotoa amri wasije wakaulizwa. Siri hizi mbili huvaa nguo moja, na ya kwanza ikizeeka huwa ya pili bila mtu kuona siku yenyewe ilipogeuka.

Jambo hili twalisema kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa jirani yetu. Mume wake alichukuliwa jeshini, akawekwa katika mizinga, naye hakurudi. Aliletewa habari kwamba mumewe amepotea baharini, basi. Kila mwaka, kabla ya Siku ya Marehemu Wote, wazee wa kanisa walipopita kuandika majina ya kusomwa katika Misa, mama huyu alitoa ya baba yake, ya mama yake na ya mtoto wake mmoja. La mumewe hakulitoa. Padre alipomwuliza, alijibu, “Baba Padre, sijaambiwa amekufa. Nimeambiwa amepotea. Aliyepotea hutafutwa, haombewi kama marehemu.” Padre hakuwa na la kumjibu, wala sisi tuliosimama pale hatukuwa nalo.

Mwaka 1985 mwanawe, dereva wa lori, alipata safari ya Nairobi. Akaenda kwenye makaburi ya vita, ambako pana ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Akalikuta jina la baba yake limechorwa pale pamoja na ya wenzake. Alilinakili kwenye karatasi ya mzigo, na tarehe aliipata katika daftari la makaburi: 12 Februari 1944. Mama aliitunza karatasi ile ndani ya Kitabu cha Sala. Novemba ya mwaka huo jina lilisomwa kanisani, miaka 41 baada ya siku yenyewe, naye alisimama wakati wote wa kusomwa majina ingawa miguu ilikuwa imekwisha kuanza kumsumbua.

Kisa hiki cha mabomu sisi tulikisoma baadaye, katika miaka ya tisini, tulipopata kitabu kilichoeleza habari za meli ile. Mama yule alikuwa bado hai. Akasikia kwamba tumekipata, akaja kwetu jioni moja na mjukuu wake, akaketi barazani, akakataa chai.

“Mwalimu,” akasema, “vitabu vinasemaje? Waliteseka?”

Kitabu kilikuwa mezani, mbele ya macho yake, na yeye hakujua Kiingereza. Tulimwambia kwamba meli ilizama upesi sana, hata dakika tatu hazikutimia, na kwamba wengi walikuwa chini ya sitaha. Hayo yote ni kweli. Akauliza kama manowari hazikuweza kuwasaidia. Tukamwambia kwamba zilikuwa zikipigana na nyambizi. Hilo nalo ni kweli.

Akashukuru, akainuka, akamshika mjukuu wake bega. Sisi tukakichukua kitabu tukakirudisha kabatini.